Kiti cha Dhamana

Usikalie hicho. Kalia lile benchi, au chukua hii stuli yangu, mimi nitasimama. Hicho cheupe cha plastiki, chenye mguu uliofungwa waya, hakikaliwi na mtu. Hapana, hakijavunjika. Kila mteja anayeingia humu huniuliza habari zake, na suruali yako bado haijapigwa pasi, basi nitakwambia huku nafanya kazi. Nikianza kufoka usidhani nakufokea wewe.

Nilikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya kidole, nikamlea mimi, kwa cherehani hii hii unayoiona. Akakua, akawa baba mrefu mwenye mabega, akapata kazi hospitali kuu: dereva wa gari la maiti. Wenzake wakambatiza jina la Taratibu, maana gari lile haliendi mbio. Linatoka mochwari taa zimewashwa mchana kweupe, nyuma msururu wa magari ya wafiwa, na yeye mbele kakamata usukani kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Dada," aliniambia siku moja tunakula, "mimi ndiye dereva pekee ninayepitwa na baiskeli iliyobeba mkaa. Tena ananipigia kengele!"

"Bora wewe, abiria wako hawalalamiki."

"Hawalalamiki, lakini hata asante hawasemi."

Tulicheka mpaka tukapaliwa. Ndivyo tulivyokuwa, utani wetu watu wengine wasingeuelewa.

Kumbe mwenzangu jambo lile lilikuwa linamkera kweli. Akaanza habari za pikipiki. Si hizi za kubeba abiria, hapana. Yale madude ya mashindano, unayalalia kifudifudi, yakiwashwa vioo vya nyumba vinatetemeka. Akaja na picha, akaja na video, asubuhi pikipiki, jioni pikipiki. Kwenye simu yake alikuwa ameweka picha yetu sisi wawili, siku ya harusi yangu. Nikaiona imeondolewa, pameketi pikipiki nyekundu. Niliona wivu, sikufichi. Kuonea wivu chuma!

Nikamchana. "Hilo dude unalitaka la nini? Unataka siku moja upakiwe nyuma ya gari lako mwenyewe?"

Akaweka kijiko chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Dada, mimi si mwendawazimu. Kabla ya hospitali nimesambaza mikate kwa pikipiki miaka yote ile, umewahi kusikia nimeanguka? Kila siku nabeba watu waliokwisha maliza mambo yao. Nakaa nao siku nzima, sisemi, siimbi, hata redio siwashi. Nataka nikitoka kazini nipate barabara tupu, upepo unipige kifuani, nijue kwamba mimi bado nipo. Basi."

Nikamwambia nitakwenda naye kuiangalia, na nikiona ni bovu, harudi nalo nyumbani.

"Haya, mama," akasema. Akitaka kunichokoza ndivyo alivyoniita.

Tukaenda Jumamosi asubuhi. Yadi yenyewe iko kwenye barabara kuu ya kutokea mjini, ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu, geti la chuma, na kontena lililotobolewa dirisha ndiyo ofisi. Pikipiki zimepangwa kwenye kokoto, siti zimefunikwa mifuko ya nailoni. Mwenye yadi kila mtu anamwita Mjomba. Mjomba wa nani, sijui mpaka leo. Mtu mnene, mpole, shati limenyooka, tabasamu halimtoki usoni hata akiwa anakunywa maji.

"Karibuni, wanangu, karibuni! Nyekundu ile pale inawasubiri ninyi."

Mdogo wangu aliinama pale akaikagua utadhani daktari. Akaivuta cheni, akabonyeza matairi, akakamata breki akaiachia, akapitisha kidole chini ya injini akakinusa kama kuna oili inayovuja. Pikipiki nzima ilikuwa safi. Pale mbele tu, kwenye vioo vya mishale ya kupimia mwendo, palikuwa na kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme.

"Mjomba, hii nini?"

"Aa, kuna kitaa hapo ni kichaa, kinawaka ovyo. Nimekiziba kisikusumbue. Ukilipa, fundi wangu anakibadilisha hapo hapo."

"Mafuta yapo?"

"Yapo ya kukupeleka na kukurudisha. Unakwenda mpaka kwenye mzunguko, unageuza, unarudi."

Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Yapo ya kukupeleka na kukurudisha.

Mdogo wangu akatoa kitambulisho amkabidhi. Mjomba akakisukuma nyuma kwa kidole kimoja, anacheka. "Hapa kwetu, baba, hizi kubwa hatuzitoi kwa kitambulisho. Vitambulisho vinachapishwa vichochoroni. Unaacha mtu. Ndugu hachapishwi." Akanyoosha mkono kwenye kibanda cha mlinzi, na pembeni ya kibanda kilikuwepo kiti. Hicho hapo. "Dada anakaa pale, geti linafungwa, pikipiki ikirudi na yeye anatoka. Mteja akija na mwenzake, huo ndio utaratibu."

Mimi nikacheka. Nilidhani ni maneno ya biashara, kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikaenda nikakaa, nikapakata mkoba wangu.

"Dada umekuwa rehani," akasema mdogo wangu. Alikuwa anavaa helmeti. Kumbe helmeti alishanunua zamani, nyeusi, akaificha kazini kwenye kabati la mochwari ili nisiione. Macho tu yanaonekana, na macho yale yalikuwa yanacheka.

"Nenda zako huko. Ukichelewa nitakutandika mbele za watu."

Akaiwasha. Nakwambia kokoto zilichezacheza. Mlinzi akafungua geti, mdogo wangu akatoka taratibu kabisa, kweli kweli Taratibu, akasimama ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani. Halafu ndiyo nikasikia ule mlio unapanda, unapanda, mpaka ukawa mwembamba, ukapotea. Mlinzi akafunga geti akatia kufuli. Nikajikuta natabasamu peke yangu. Nikasema moyoni, haya, na aupate huo upepo wake.

Nilikaa. Mlinzi alikuwa na redio ndogo inayokoroma, mzee wa watu, hana maneno. Mguu wa kiti ulikuwa unalegea kila nikigeuka. Jua likaanza kunifika magotini, nikasogea, likanifuata. Nikaanza kusema huyu mtoto keshasahau kama kuna mtu kamweka rehani.

Simu ikalia. Namba yake. Nikapokea kwa kelele: "Umeshaninunulia matatizo, eh?"

Sauti ikawa ya mwanamke. "Samahani, wewe ndiye Dada? Kwenye simu hii umeandikwa Dada." Alikuwa anahema. "Mimi nauza matunda hapa barabarani, karibu na mzunguko. Kijana wako amegongwa na lori. Yuko macho, anaongea. Anakutaka wewe. Njoo haraka, dada yangu, hali si nzuri."

Nilisimama, na kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikakimbilia getini nikakuta kufuli. Nikamwambia mlinzi fungua, mdogo wangu kagongwa, fungua! Mzee akasimama na funguo mkononi, anatazama kontena. Mjomba akatoka, anajifuta mikono kwa leso.

"Kuna nini, dada?"

Nikamweleza. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamwambia mlinzi afungue upesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia chakula kilichoungua.

"Kaa, dada yangu. Usihangaike."

"Nikae? Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Hata mwaka juzi tulisikia. Mtu kachukua pikipiki, kamwacha mkewe hapo hapo ulipo. Simu ikaja, mume wangu kagongwa, mama analia machozi ya kweli. Tukamfungulia. Hatukumwona yeye, hatukumwona mumewe, hatukuiona pikipiki. Mimi nimeshaumwa na nyoka."

"Zungumza naye basi! Zungumza na huyu mama!" Nikamtupia simu. Akaipokea, akasikiliza, akaguna. Nadhani yule mama wa matunda ndipo akamwekea mdogo wangu simu mdomoni, maana nilisikia sauti yake pale pale niliposimama, simu ikiwa sikioni kwa Mjomba. Alikuwa anasema dada, dada uko wapi.

Nikaipokonya. "Nipo! Nipo, nakuja!"

"Dada, imezima."

"Nini imezima?"

"Pikipiki. Imezima yenyewe." Nasikia magari yanapita. "Njoo basi."

"Nakuja, mdogo wangu. Nipo njiani."

Nilisema nipo njiani, nami nimesimama mbele ya kufuli. Simu ikakatika. Nikamtazama Mjomba usoni, nikasema, "Si umemsikia? Si umemsikia mwenyewe?"

"Anaongea vizuri tu," akasema. "Mtu aliyegongwa na lori haongei vile."

Nilimtukana. Matusi niliyoyatoa siku ile sikujua kama ninayo. Nilimpigia magoti, pale, kwenye kokoto, angalia goti langu bado lina alama. Nilimpa mkoba, simu, nikavua pete ya ndoa nikamwekea kiganjani. Nikamwambia nipakie kwenye pikapu yako, nifunge kamba ukitaka, twende wote ukaone. Akanirudishia pete yangu kwa upole. Kwa upole, jamani! Akamwita fundi wake, akamwambia chukua pikapu nenda mpaka kwenye mzunguko, ukaangalie, na kama ni kweli ipo, urudi nayo. Geti likafunguliwa kwa ajili ya pikapu. Nikajirusha nipite. Mlinzi alinishika kiunoni kwa mikono miwili, mzee yule, na huku ananishika anasema nisamehe mama, nisamehe mama. Nilimng'ata mkono. Hakuachia.

Nikapiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. Ya mdogo wangu inaita haipokelewi. Mume wangu yuko safari, hapatikani. Polisi wakaniuliza niko eneo gani, nikawaeleza, wakasema gari likipatikana litakuja. Nikapiga kelele ukutani ili wapita njia wasikie. Magari ya barabara kuu yanasikia nini? Mwisho nikakiinua kile kiti nilichokiangusha, nikakaa. Nikawa nasema kimoyomoyo ngoja, mdogo wangu, ngoja kidogo, ngoja.

Pikapu ikarudi. Nyuma ilikuwa imebeba ile nyekundu, imelazwa ubavu, gurudumu la nyuma limekunjika. Fundi akashuka hanitazami. Nikamkamata kola.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Wamempakia kwenye gari la msamaria, wamempeleka hospitali kuu. Nilikuta ndiyo wanamwinua."

"Anasemaje?"

"Alikuwa anauliza kama umekuja."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akaitoa kola yake mkononi mwangu. Mjomba alikuwa kapanda pikapu, anaigeuzageuza pikipiki, anatazama wapi pameumia. Nami nikapanda. Ule utepe mweusi ulikuwa bado umeng'ang'ania pale pale. Nikaubandua kwa ukucha. Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Ni taa ya mafuta, dada. Haina hitilafu." Nikafungua kifuniko cha tangi nikainamisha uso. Tangi lilikuwa kavu. Lilinuka tu.

Ndipo akanieleza, na Mjomba yupo anamsikia. Ati ndivyo wanavyofanya kila siku. Pikipiki ya majaribio huwekwa mafuta ya kichupa kimoja cha soda, ya kufika kwenye mzunguko na kurudi kwa mwendo wa wastani, ili mwizi asifike mbali. Taa huzibwa mteja asiogope. Lakini dude lile ukilivuta linakunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji, na nani anayejaribu pikipiki ya mashindano kwa mwendo wa wastani? Mdogo wangu alifika kwenye mzunguko, akageuza kama alivyoambiwa. Akiwa anarudi akalipita lori. Alipoingia tu mbele ya lori, injini ikakata. Dereva wa lori alikanyaga breki, lakini lori lenye mzigo haliwezi kusimama hapo hapo.

Mjomba akashuka, akapangusa mikono, akamwashiria mlinzi. Kufuli likafunguliwa.

"Sasa unaweza kwenda, dada," akasema. "Pikipiki imerudi."

Wallahi hayo ndiyo maneno yake. Sikuongeza neno wala sikupunguza.

Nilifika hospitali nikiwa na kiatu kimoja. Hapo mapokezi wanamjua mdogo wangu wote, ni mwenzao, na nilipoona wanavyoinamisha vichwa sikuhitaji kuambiwa. Ukumbini alikuwa ameketi mwanamke mwenye kanga iliyojaa damu, kaipakata helmeti nyeusi. Ndiye yule mama wa matunda. Ndiye aliyepanda naye gari, akamshika mkono mpaka mwisho.

"Ulibakiza kidogo tu umkute," akaniambia. "Njia nzima anauliza, nikawa namwambia dada yako anakuja, yuko nyuma yetu, lile gari jeupe ndilo lake. Nilimdanganya. Unisamehe."

"Alikuamini?"

"Aliamini. Aliomba nimgeuze kichwa alione."

Niliketi chini sakafuni nikalia na mtu nisiyemjua. Nikikutana naye mpaka leo hunipa ndizi, hapokei pesa.

Polisi walikuja, wakapima barabara kwa kamba, wakaandika mwendo kasi. Mdogo wangu, Taratibu, amekufa kwa mwendo kasi! Niliwaambia wakafungue tangi. Walipofika yadi, tangi lilikuwa limejaa pomoni. Mjomba aliwakaribisha soda.

Siku ya mazishi gari lilikuwa lile lile lake, na usukani kakamata mwenzake wa zamu, analia huku anaendesha, taa zimewashwa. Nilikaa mbele naye. Njia ya makaburini inapita pale yadi. Tulipofika karibu nikaona geti limefungwa, na kwenye upenyo wa geti nikaona kitu cheupe. Nikamwambia simama. Akasema dada, gari la maiti halisimami njiani. Nikamwambia simama, huyu aliye nyuma hana haraka, umemwita Taratibu miaka yote.

Akasimama. Msururu mzima wa magari ukasimama nyuma yetu.

Nikagonga geti. Mlinzi alipochungulia akaona ni mimi, na nyuma yangu gari, hakutazama kontena safari hii. Akafungua. Kitini alikuwa ameketi msichana, kavaa vizuri, kapakata mkoba vile vile kama mimi, anatabasamu peke yake.

"Unamsubiri nani, mwanangu?"

"Mchumba wangu. Anajaribu pikipiki."

"Mpigie simu. Mpigie mpaka apokee. Mwambie asogee pembeni ya barabara asimame, abandue ule utepe, afungue tangi atazame. Halafu arudi kwa miguu."

Alinitazama, akatazama gari, tabasamu likamtoka, akaanza kubonyeza simu. Nilisubiri pale pale mpaka nikasikia anasema, "Umesimama? Umesimama kweli?" Ndipo nikamwambia inuka, akainuka, nikakichukua kiti.

Mjomba akatoka. Akaona magari barabarani, akaona watu wa nguo nyeusi wanashuka. Kwa mara ya kwanza nikamwona uso bila lile tabasamu.

"Pole sana, dada," akasema. "Pole sana. Ni kazi ya Mungu. Lakini hicho kiti ni cha yadi."

"Najua ni cha yadi."

"Utakirudisha lini?"

Nilikibeba mpaka kwenye gari, nikafungua nyuma, nikakiweka ubavuni kwa jeneza, nikapanda nikakaa juu yake. Nilikuwa nimemwambia nipo njiani. Kutoka pale mpaka makaburini nilikaa naye, mkono juu ya mbao, mwendo wa taratibu, na ndiyo mara ya mwisho mtu kukalia kiti hicho.

Mjomba ameshawatuma watu kukidai. Fundi alikuja, na hata mlinzi alikuja, mzee wa watu, akakitazama, akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Majirani wananiuliza kiti cha plastiki kina thamani gani hata unakomaa nacho. Hakina thamani yoyote. Lakini utaratibu ni wao wenyewe walioniwekea: dhamana hairudi mpaka kilichotoka getini kirudi. Wamrudishe mdogo wangu, nitawapa kiti chao.

Haya, suruali yako hii hapa, imenyooka. Nenda kaijaribu pale nyuma ya pazia. Mkoba wako nenda nao, hapa kwangu huhitaji kuacha kitu.